Gari la umeme kwenye miinuko ya Nyeri: Mguu wa dereva ndio unaoamua masafa

IWAPO utamuuliza mwuzaji wa magari jijini Nairobi ni kilomita ngapi gari la umeme aina ya Nissan Leaf lenye betri ya yuniti 40 linaweza kwenda kabla ya kuchajiwa tena, huenda akakutajia 400. Hasemi uongo. Tarakimu hiyo ndiyo iliyotangazwa nchini Japani mwaka wa 2017 gari hilo lilipozinduliwa, kwa kufuata utaratibu wa vipimo wa JC08 uliotumika huko wakati huo. Hata hivyo, gari lilo hilo, lenye betri ile ile, lilipopimwa kwa utaratibu wa Ulaya wa WLTP lilipewa kilomita 270. Nalo shirika la EPA la Marekani likaliandikia maili 151, yaani kilomita 243 pekee.

Mnunuzi anayeishi Nyeri, Karatina au Nanyuki aamini lipi kati ya hayo? Jibu ni kwamba haimpasi kuamini hata moja. Vipimo vyote vitatu hufanyiwa maabara, gari likiwa juu ya magurudumu ya chuma yanayozunguka mahali pamoja. Maabara hayana mwinuko wa Karatina, hayana matuta yasiyo na alama wala lori la mchanga linalojikokota mbele yako huku matatu ikikupigia honi nyuma.

Suala hili si la wapenzi wa magari peke yao. Kutoka Nairobi hadi Nyeri ni mwendo wa kilomita zipatazo 150, na vituo vingi vya kuchaji magari nchini viko katika jiji hilo kuu na viunga vyake. Mwalimu au mkulima wa kahawa anayechukua mkopo wa chama cha akiba ili anunue gari la namna hii anahitaji kujua kama litamfikisha nyumbani au litamwacha kando ya barabara usiku. Gari la petroli likiishiwa mafuta, kijana wa bodaboda atakuletea lita mbili ndani ya mtungi. Umeme haubebwi kwa mtungi.

Magari haya yanazidi kuingia nchini. Mwaka wa 2019 serikali ilipunguza ushuru wa bidhaa unaotozwa magari ya umeme kutoka asilimia 20 hadi 10. Mwaka mmoja kabla ya hapo, kampuni ya teksi ya NopeaRide ilikuwa imeanza kuwabeba abiria jijini Nairobi kwa Nissan Leaf, japo ilifunga shughuli zake mwaka wa 2022. Mwaka huo huo kampuni ya BasiGo ilianza kuendesha mabasi ya umeme katika barabara za jiji. Na kwa kuwa sheria hairuhusu gari lililopita umri wa miaka minane kuingizwa nchini, Leaf zinazoletwa sasa kutoka Japani ni za kizazi cha pili, chenye betri ya yuniti 40 au zaidi. Zile za kwanza za yuniti 24, ambazo wengi walizifahamu, zimekwisha kupitwa na umri huo.

Tuitazame barabara yenyewe. Anayetoka Nairobi kwenda Nyeri huanzia kwenye mwinuko wa mita zipatazo 1,700 juu ya usawa wa bahari na kumalizia kwenye mita zipatazo 1,750. Ukizisoma tarakimu hizo mbili peke yake, utadhani safari nzima ni tambarare. Sivyo. Baada ya Thika na Kenol, barabara huteremka hadi bonde la Mto Tana, ikapita Makutano na Sagana, kisha ikaanza kukwea kuelekea Karatina. Kati ya Sagana na Karatina dereva hupanda takribani mita 600 katika mwendo wa kilomita zipatazo 30.

Hesabu yake ni ile ya fizikia inayofunzwa katika shule ya upili. Gari la kilo 1,750, abiria wakiwemo, likipandishwa mita 600, linahitaji karibu yuniti tatu za umeme kwa kule kupanda tu, kabla hujahesabu msuguano wa magurudumu na ukinzani wa upepo. Ukijumlisha hayo yote, kwa makadirio yetu, kipande hicho cha Sagana hadi Karatina hula yuniti sita au zaidi. Geuza gari urudi Sagana kwa mwendo ule ule: utatumia yuniti moja, au usitumie hata hiyo, maana mteremko utakusukuma na mota itageuka kuwa jenereta na kurudisha umeme betrini. Njia ni ile ile, gari ni lile lile, dereva ni yule yule, lakini upande mmoja hugharimu mara sita ya mwingine.

Hapa ndipo kipimo cha masafa kilicho mbele ya dereva kinapowahadaa wengi. Kipimo hicho hakijui kwamba kuna mlima mbele. Hukisia kwa kutazama jinsi gari lilivyotumia umeme katika kilomita za hivi karibuni. Ukifika Sagana baada ya kuteremka kutoka Makuyu, kitakuonyesha masafa ya kupendeza, nawe utaona hakuna haja ya kusimama. Dakika ishirini baadaye, ukikaribia Karatina, kilomita zitakuwa zinapukutika kwenye kioo kuliko zinavyopita chini ya magurudumu. Dereva mwenye busara hutazama asilimia ya betri badala ya kilomita zilizokisiwa, kisha akakumbuka milima iliyosalia.

Zipo tabia ambazo madereva wetu walizipata katika magari ya petroli na ambazo sasa zinawageukia. Ya kwanza ni kuweka gia huru kwenye mteremko. Kizazi kizima cha madereva kiliamini kwamba ukizima injini au ukiweka gia huru kuanzia kilele hadi bondeni, umeokoa mafuta. Desturi hiyo imekuwa hatari siku zote, kwa kuwa gari hubaki likitegemea breki peke yake, na breki zikipata joto kupita kiasi hukosa nguvu. Katika gari la umeme, desturi hiyo ni hasara tupu. Mota haiwezi kurudisha umeme ikiwa gia iko huru. Zile yuniti ulizozilipia ukipanda Karatina unazitupa hewani ukishuka.

Ya pili ni mwendo. Ukinzani wa hewa hauongezeki sawia na kasi. Huongezeka kwa kasi iliyozidishwa kwa yenyewe. Anayetoka kilomita 80 kwa saa na kufikia 110, ambacho ndicho kiwango cha juu zaidi kisheria kwa gari dogo katika barabara kuu, hukabiliwa na ukinzani wa hewa unaokaribia kuwa maradufu. Barabara ya Kenol-Sagana-Marua, yenye urefu wa kilomita 84, ilianza kupanuliwa enzi za Rais Uhuru Kenyatta kwa ufadhili wa serikali na Benki ya Maendeleo ya Afrika. Mahali ilipopanuliwa kishawishi cha kukanyaga ni kikubwa, kwani hakuna tena foleni ya malori ya kukuzuia.

Tuchukue mfano. Gari limetimiza miaka saba na betri yake imebakia na asilimia 80 ya uwezo wa awali, yaani yuniti 32. Dereva mtulivu, anayekwenda kati ya kilomita 80 na 90 kwa saa, anaweza kutarajia kutumia takribani yuniti 15 kwa kila kilomita 100. Safari ya Nairobi hadi Nyeri itamgharimu yuniti 22 au 23, na atafika akiwa na akiba ya kutosha kwenda Mweiga na kurudi. Dereva mwenye haraka, anayekimbia, anayepita magari mengine kwa kishindo na kufunga breki mbele ya kila tuta, hutumia yuniti 20 kwa umbali huo huo. Huyo atahitaji yuniti 30. Ataingia Nyeri na yuniti mbili, ikiwa ataingia.

Kwa upande wa fedha, tofauti yao ni ndogo. Mwaka wa 2023 Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, EPRA, ilitenga bei maalumu ya umeme wa magari: shilingi 16 kwa yuniti katika saa za matumizi makubwa na shilingi 8 usiku, kabla ya kodi na ada nyinginezo. Yuniti saba au nane za ziada kwa bei ya usiku hazifiki shilingi mia, ukiacha kodi na ada hizo. Dereva wa petroli anayekimbia huadhibiwa mfukoni, naye anaweza kuvumilia. Dereva wa umeme anayekimbia huadhibiwa kwa kutofika.

Mtu anaweza kujiuliza ingekuwaje kwa madereva wa magari ya miraa, wale watokao Maua na kwenda Nairobi kana kwamba wanafukuzwa. Biashara yao inategemea kasi, kwa sababu miraa hupoteza thamani kila saa inayopita. Safari yao hupita kilomita 250, gari likiwa limesheheni hadi paani. Kwa mwendo wao wa kawaida hakuna gari dogo la umeme la bei nafuu litakaloimaliza bila kusimama. Teknolojia ikibadilika huenda mambo yakabadilika, lakini kwa sasa sioni miraa ikisafirishwa kwa betri.

Sasa tuje kwenye mitambo inayomsaidia dereva. Wapo wanaoiona kuwa mambo mageni ya Wazungu na Wajapani. Ukweli ni kwamba eneo la Mlima Kenya lilitoa mmoja wa watetezi wakubwa zaidi wa wazo hilo katika historia ya nchi hii. Marehemu John Michuki, aliyekuwa mbunge wa Kangema na Waziri wa Uchukuzi, ndiye aliyesimamia kanuni zilizoanza kutekelezwa Februari 2004, zikilazimisha kila matatu kufungwa mikanda ya usalama na kidhibiti mwendo kisichoruhusu kasi kupita kilomita 80 kwa saa. Wenye matatu waligoma, abiria wakatembea kwa miguu, lakini waziri hakutikisika. Kidhibiti mwendo kile, licha ya kuchezewa na mafundi wa vichochoroni katika miaka iliyofuata, kilikuwa mtambo wa kumsaidia dereva kwa maana kamili. Miaka 20 baadaye, Julai 2024, Umoja wa Ulaya ulianza kulazimisha kila gari jipya linalouzwa huko liwe na mfumo unaomwonya dereva anapovuka kasi iliyoruhusiwa.

Kwa bahati njema, kilomita 80 alizozichagua Michuki kwa ajili ya kuokoa maisha ndizo zinazolifaa pia gari la umeme. Matatu ya umeme itakayotii kanuni hiyo kutoka Nyeri hadi Nairobi haitahitaji betri kubwa kama ile itakayokaidi, na betri ndiyo sehemu ghali zaidi ya gari. Wamiliki wa matatu wanaopiga hesabu za kuhamia umeme wangefanya vyema kuanza na nidhamu ya madereva wao kabla ya kuulizia bei.

Mitambo ya kisasa imepiga hatua zaidi. Leaf ya kizazi cha pili ina mfumo wa e-Pedal ambao humwezesha dereva kuendesha kwa kikanyagio kimoja: ukikanyaga gari huenda, ukiinua mguu hupunguza mwendo lenyewe hadi kusimama, huku sehemu ya nguvu ikirudi betrini. Katika msongamano wa Karatina siku ya soko, au kwenye kona za kuteremkia Sagana, mfumo huu ni rafiki wa kweli. Hata hivyo, kuna jambo ambalo wauzaji hawalisemi. Umeme unaorudishwa huwa umepungua njiani. Pengine theluthi moja ya nguvu ile hupotea. Kwa hiyo anayekanyaga kwa nguvu na kuinua mguu ghafla, akiamini kwamba mtambo utamrudishia kila kitu, anajidanganya. Anayeliona tuta kutoka mbali na kuliacha gari lipungue mwendo polepole humshinda kila mara.

Upo pia mfumo wa ProPILOT, unaoshika kasi aliyoichagua dereva, kupima umbali wa gari lililo mbele kwa vyombo vyake na kusaidia kulishika gari katikati ya laini. Barabarani tambarare mfumo kama huo huokoa umeme kwa sababu haulewi haraka wala hasira. Hauongezi kasi kwa sababu Probox imeupita. Kwenye milima mambo hugeuka. Ukiuambia ushike kilomita 90, utazishika hata pale Sagana inapoanza kupanda, utavuta umeme mwingi kuulinda mwendo huo, ilhali binadamu mwenye akili angeuacha ushuke hadi 75 na kuupata tena mbele. Ushauri wangu ni kuutumia kati ya Thika na Makutano, kisha kuuzima na kupanda kwa mguu wako mwenyewe.

Tena mfumo huo husoma mistari iliyochorwa barabarani. Ipo katika barabara kuu. Tafuta mstari kutoka Othaya kwenda ndani vijijini msimu wa mvua za Aprili, au katika ukungu wa alfajiri karibu na Naro Moru, ndipo utakapojua kwamba kamera nayo ina mipaka ya macho. Wala haikuundwa kwa kuzingatia mikokoteni ya punda na kondoo wanaovuka bila kuangalia. Atakayeiachia usukani katika barabara hizi atakuwa ameukabidhi uhai wake, na wa wengine, kwa chombo kisichozijua.

Kikwazo kingine ni cha lugha, na kinachekesha hadi unapokutana nacho. Magari yaliyotumika Japani huja na maandishi ya Kijapani kwenye vioo vyake. Wamiliki wengi hawajui kwamba magari yao yana hali ya kuokoa umeme, au kwamba gia iliyoandikwa B huongeza nguvu ya kurudisha umeme kwenye mteremko. Wanaendesha miaka miwili bila kuigusa. Mtambo usioeleweka ni sawa na mtambo usiokuwepo.

Hali ya hewa ya Mlima Kenya ina mema na mabaya yake. Mema ni kwamba hewa katika mwinuko wa Nyeri ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu asilimia 15, hivyo ukinzani wake ni mdogo. Isitoshe, betri ya Leaf haina mfumo wa kupozwa kwa maji, na baridi yetu huihifadhi kuliko joto la pwani linavyoweza. Baya ni asubuhi za Julai, dereva anapowasha kipasha joto ili kufukuza ukungu kwenye kioo. Kifaa hicho kinaweza kula yuniti moja hadi tatu kwa saa. Nchini Norway, ambako karibu magari tisa kati ya kila kumi mapya yaliyouzwa mwaka wa 2024 yalikuwa ya umeme, majaribio ya majira ya baridi yameonyesha kwamba takribani sehemu moja kati ya tano ya masafa hupotea. Nyeri si Norway, na hasara yetu ni ndogo zaidi. Lakini sweta, au kile kitambaa cha joto kilicho ndani ya kiti ikiwa gari linacho, ni rahisi kuliko kupasha hewa yote ya gari.

Wakazi wa maeneo ya juu wana jambo moja la ziada la kuzingatia. Anayeishi karibu na kilele cha mteremko mrefu, tuseme kule Timau kwenye njia ya kuteremkia Meru, asijaze betri hadi asilimia 100 usiku kisha aanze kushuka asubuhi. Betri iliyojaa haina pa kuupokea umeme unaorudishwa, na gari litamlazimu atumie breki za kawaida njia nzima. Aache chaji kwenye asilimia 80 au 85. Mteremko utamjazia kiasi fulani bure, na betri yenyewe itaishi miaka mingi zaidi.

Kabla ya kununua, asiangalie rangi wala redio. Aombe kuonyeshwa kipimo cha afya ya betri, kile chenye vijisanduku 12 upande wa kulia. Kijisanduku kimoja kikipungua, betri imeshapoteza takribani asilimia 15 ya uwezo wake. Kwa mkazi wa Nairobi huenda hilo lisimkoseshe usingizi. Kwa anayekwenda Nyeri kila wiki, linaweza kuamua kama atafika.

Serikali ina la kufanya, na si kujenga vituo tu, ingawa kituo kimoja cha kuchaji haraka pale Sagana, kabla ya mpando, kingeondoa hofu nyingi kuliko vitatu vingine jijini. Mkakati wa kitaifa wa matumizi bora ya kawi wa mwaka wa 2020 ulilenga asilimia tano ya magari yote yaliyosajiliwa nchini yawe ya umeme kufikia 2025. Lengo hilo lilikuwa kubwa, lakini halikuandamana na mafunzo yoyote ya maana kwa madereva. Mwanafunzi katika shule zetu za udereva bado hupimwa kwa kusukuma kigari cha kuchezea juu ya ubao wa mji wa kuigiza. Hafundishwi kuteremka mlima kwa gari linalochaji lenyewe, wala kuutumia mfumo unaoshika kasi, wala wakati wa kuuzima.

Aidha, tarakimu za Japani, Ulaya na Marekani zinaweza kuandamana na zetu wenyewe. Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi kiko hapo Nyeri, kina wahandisi na kina wanafunzi wanaotafuta miradi ya kumalizia masomo. Magari matatu au manne ya umri tofauti, dereva mtulivu mmoja na mwenye haraka mmoja, mita ya umeme na wiki chache za kwenda na kurudi kati ya Thika, Karatina, Nanyuki na Embu zingetosha kutoa jedwali ambalo mnunuzi anaweza kulitegemea. Mamlaka ya Usafiri na Usalama Barabarani, NTSA, ingelichapisha, na mwuzaji akalazimika kulibandika kwenye kioo cha kila gari la umeme analouza, kando ya ile kilomita 400 ya Japani.